Mifupa ya Ajabu Katika Pori la Tendaguru

Mtu aendaye mwituni hutoka nyumbani na haja yake moja: kukata miti ya kujengea, kurina asali, au kumtafuta mbuzi aliyepotea. Lakini mara nyingine miguu humfikisha kwenye jambo asilolitafuta, naye hulipita asijue thamani yake. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za Tendaguru, wapate kujua yafaayo kutendwa.

Tendaguru ni kilima katika pori la nyuma ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi Mdachi, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akitafuta madini huko, akaona mfupa mkubwa mno umetokeza katika ardhi. Hakuupita, bali alipeleka habari. Na mwaka 1907 akaja Profesa Eberhard Fraas kuitazama mifupa hiyo. Kisha tangu mwaka 1909 hata 1913 wataalamu kutoka Berlin walichimba hapo, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu walifanya kazi, na kwa kuwa hapakuwa na reli wala motokaa, mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani hata bandari ya Lindi. Jumla ya uzito wake ilipita tani 200.

Huenda msomaji akauliza: Mfupa huwezaje kukaa zamani nyingi bila kuoza? Sababu ni hii. Wanyama wale, waitwao dinosaria, waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na wakati huo mahali pale palikuwa karibu na bahari. Walipokufa, baadhi ya mizoga ilifunikwa na matope na mchanga. Maji yapitayo chini ya ardhi yakaingiza madini ndani ya mifupa kidogo kidogo, hata ikawa mawe. Mmoja wao, mla majani, amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho huko Berlin. Kimo chake chapita mita 13, yaani kupita twiga wawili wakisimamishwa mmoja juu ya mwenzake.

Basi, mtu akiona kitu cha namna hii, afanyeje? Kwanza, asikivunje wala asiking'oe. Tabaka la udongo ambamo mfupa umelala ndilo limwambialo mtaalamu umri wake. Ukiisha kutolewa ovyo, habari hiyo imepotea wala hairudi. Pili, aweke alama mahali pale, asije akapasahau. Tatu, awaarifu wakubwa wa kijiji au mwalimu, ili habari ifike serikalini. Nao wakubwa wasimcheke aletaye habari, maana akichekwa leo, kesho atanyamaza.

Mifupa ile ya Tendaguru ingali Berlin hata leo, na wajukuu wa wale walioichukua vichwani ni wachache walioiona. Lakini kazi yao haikusahauliwa yote. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa na wataalamu jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ardhi yetu ingali na mengi iliyoyaficha. Apitaye porini na atazame anapokanyaga.