Klachi ya Feni: Jinsi Injini Inavyopoozwa Mahali pa Joto



Sehemu hii inaunganisha mada nne ulizozisoma kwa nyakati tofauti: usafirishaji wa joto, utanukaji wa metali, mnato wa vimiminika na kanieneo. Maswali ya matumizi hupenda kuchanganya mada namna hii, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Maelezo nimeyaandika kwa Kiswahili makusudi. Elewa kwanza jambo lenyewe. Ukishalielewa, kulieleza kwa lugha ya mtihani haitakuwa kazi kubwa.

Ukimaliza kusoma utaweza:
(a) kueleza jinsi klachi ya feni inavyofanya kazi;
(b) kueleza marekebisho mawili yanayofanywa ili ifae mahali pa joto;
(c) kukokotoa badiliko la jotoridi la hewa inayopita kwenye rejeta;
(d) kutaja hasara na hatari za marekebisho hayo.

1. TATIZO LENYEWE

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara hupita kwenye bonde lenye joto la Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, kisha huanza kupanda Mlima Kitonga. Mlima ni mkali, una kona nyingi, na malori huupanda polepole sana. Chukulia Land Cruiser ya dizeli imejaa watu na mizigo. Ni saa nane mchana, hewa ina jotoridi la 38 °C, na gari liko nyuma ya lori kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Kule tambarare mshale wa joto ulitulia katikati. Sasa unapanda.

Kwa nini injini ichemke hapa na si kule tambarare? Sababu ni tatu.

Kwanza, injini inafanya kazi kubwa zaidi kuupandisha mzigo, kwa hiyo inazalisha joto jingi zaidi.

Pili, gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, mwendo wenyewe husukuma hewa nyingi kupita kwenye rejeta. Likienda kilomita 15 kwa saa, hewa hiyo haipo. Feni peke yake ndiyo inayobaki na kazi ya kuvuta hewa.

Tatu, joto hutoka kwenye maji kwenda kwenye hewa kwa sababu ya tofauti ya jotoridi. Maji yakiwa na 95 °C na hewa 20 °C, tofauti ni 75 °C. Hewa ikiwa na 38 °C, tofauti ni 57 °C tu. Gawanya 57 kwa 75 upate 0.76. Maana yake, kwa kiasi kilekile cha hewa, rejeta inatoa takriban asilimia 76 tu ya joto iliyokuwa ikilitoa siku ya baridi.

Joto likizidi, silinda hedi hupinda au kupasuka na gasketi yake huungua. Hiyo ni injini ya kufunguliwa yote, na abiria wamekwama kwenye kona ya mlima.

2. KLACHI YA FENI NI NINI?

Kwenye magari mengi ya aina hii, feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Kama feni ingefungwa moja kwa moja, ingezunguka kwa kasi muda wote, hata asubuhi ya baridi, na kula mafuta bure. Kwa hiyo kati ya mhimili na feni huwekwa klachi.

Klachi hiyo ina sehemu kuu nne:

(i) Bamba lenye mifereji, linalozungushwa na mhimili.
(ii) Kasha linalolizunguka bamba hilo. Feni imefungwa kwenye kasha. Bamba na kasha havigusani. Kati yao kuna nafasi nyembamba sana.
(iii) Mafuta ya silikoni, ambayo yakiwa hayatumiki hukaa kwenye chumba cha akiba mbele ya kasha.
(iv) Koili ya metali mbili iliyo usoni kwa klachi, ikitazama rejeta. Koili hii hufungua na kufunga valvu ya chumba cha akiba.

Sasa fuata mtiririko wa kazi. Hewa ikipita kwenye rejeta hupata joto, kisha huipiga koili. Metali mbili za koili hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo koili hujisokota na kuizungusha valvu. Tundu hufunguka. Mafuta hutoka kwenye chumba cha akiba na, kwa sababu ya mzunguko, husambaa hadi kwenye nafasi nyembamba kati ya bamba na kasha. Mnato wa mafuta unalifanya bamba liburute kasha, na feni huongeza kasi. Hewa ikipoa, koili hurudi, tundu hufungwa, mafuta yaliyobaki hurudishwa kwenye chumba cha akiba, na feni hulegea tena.

KUMBUKA: Koili haipimi jotoridi la maji. Inapima jotoridi la hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Ukiishika hoja hii moja, mengine yote yatafuata.

3. KWA NINI MAFUTA YA SILIKONI?

Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Kani ambayo bamba huipeleka kwenye kasha huongezeka mnato unapoongezeka, na pia tofauti ya kasi kati ya bamba na kasha inapoongezeka.

Mafuta ya kawaida ya injini hupoteza mnato sana yakipata joto. Yangetumika hapa, klachi ingelegea wakati ule ule inapohitajika kushika. Mafuta ya silikoni nayo hupungua mnato kwa joto, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Mnato wake huandikwa kwa sentistoki. Maji ya 20 °C yana takriban sentistoki 1. Toyota huuza mafuta ya silikoni ya klachi katika vichupa vya mililita 18, yenye viwango tofauti vya mnato, kikiwemo cha sentistoki 3,000 na cha sentistoki 10,000.

4. MAREKEBISHO MAWILI YA MAHALI PA JOTO

Rekebisho la kwanza: mafuta yenye mnato mkubwa zaidi. Mafuta ya zamani yanatolewa, klachi inasafishwa, kisha yanawekwa mafuta mazito zaidi, kwa mfano ya sentistoki 10,000. Matokeo: valvu ikifunguka, kasha hushikwa kwa nguvu zaidi na feni huzunguka kwa kasi iliyo karibu na ya mhimili. Klachi kuukuu ambayo mafuta yake yamevuja au kuchoka hufaidika sana hapa.

Rekebisho la pili: valvu ifunguke mapema. Fundi huichovya sehemu yenye koili kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, akiwa na kipimajoto, na kutazama tundu linaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Kisha hulegeza kishikizo cha koili au bamba la valvu, hukisogeza kidogo, na kupima tena. Matokeo: feni huanza kushika kabla mshale wa joto haujapanda sana.

Tofautisha marekebisho haya mawili. La kwanza linabadili feni inashika kwa nguvu kiasi gani. La pili linabadili inashika lini. Swali likiuliza moja, usijibu jingine.

Kazi yenyewe inahitaji uangalifu. Kabla ya kulifungua kasha, fundi huweka alama kwenye nusu zake mbili ili azirudishe zilivyokuwa. Feni isiyo na uwiano hutetema na kuharibu beringi ya pampu ya maji. Pia mafuta hayajazwi hadi pomoni. Yakizidi, chumba cha akiba hakiwezi kuyapokea yote, na feni itashika muda wote hata kukiwa na baridi.

5. HESABU YA MFANO

Namba hizi ni za mazoezi tu.

Swali: Rejeta inatakiwa kutoa joto la kilowati 42. Kabla ya klachi kurekebishwa, kilo 1.4 za hewa hupita kila sekunde. Baada ya kurekebishwa, hupita kilo 2.1 kila sekunde. Hewa ya nje ina 38 °C. Joto mahususi la hewa ni J 1,000 kwa kila kilo kwa kila nyuzi. Tafuta jotoridi la hewa inayotoka kwenye rejeta katika kila hali.

Jibu: Joto kwa sekunde = tungamo kwa sekunde × joto mahususi × badiliko la jotoridi.

Kabla: 42,000 = 1.4 × 1,000 × badiliko
Badiliko = 30 °C
Jotoridi la hewa inayotoka = 38 + 30 = 68 °C

Baada: 42,000 = 2.1 × 1,000 × badiliko
Badiliko = 20 °C
Jotoridi la hewa inayotoka = 38 + 20 = 58 °C

Maelezo: Baada ya marekebisho, hewa inapita kwenye rejeta ikiwa na ubaridi zaidi. Tofauti ya jotoridi kati ya maji na hewa inabaki kubwa, kwa hiyo maji yanaweza kutoa joto lilelile bila kupanda hadi jotoridi la hatari. Andika sentensi hii ya maelezo hata kama swali linaonekana la hesabu tupu. Namba bila maana yake ni jibu nusu.

6. HASARA YA MAREKEBISHO

Hakuna rekebisho la bure. Nguvu inayohitajika kuzungusha feni hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Feni ikitoka mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kasi imeongezeka mara 1.25, lakini nguvu imeongezeka mara 1.25 × 1.25 × 1.25 = 1.95, yaani karibu mara mbili. Nguvu hiyo inatoka kwenye injini, kwa hiyo gari litakula mafuta zaidi, litapiga kelele zaidi, na mkanda utachakaa mapema. Kwa gari linaloshinda kwenye baridi ya Makete, rekebisho hili halina maana.

Tena, klachi haiwezi kufidia kasoro nyingine. Rejeta iliyoziba kwa matope au kutu, mkanda uliolegea, maji yaliyopungua, au kava ya feni iliyovunjika vitaendelea kuchemsha injini hata feni ikishika vizuri. Ndiyo maana fundi makini hukagua hivyo kwanza, ndipo aiguse klachi.

7. MAKOSA YANAYOJITOKEZA MARA KWA MARA

(a) "Ondoa thamostati, injini itapoa." Hii ni tabia iliyoenea gereji nyingi. Thamostati haiongezi wala haipunguzi uwezo wa rejeta kutoa joto. Inadhibiti maji yaende kwenye rejeta lini. Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto lake la kazi. Na kwenye injini ambazo thamostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuitoa huiacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

(b) "Mafuta mazito hupooza injini." Si kweli. Mafuta ya klachi hayakutani na maji ya injini. Yanaongeza kasi ya feni, na feni ndiyo inayoongeza hewa.

(c) "Mshale ukipanda, fungua mfuniko wa rejeta upunguze joto." Hili si kosa la kukosa alama tu, watu wameungua nyuso. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa namna hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye takriban 95 °C. Ndani ya rejeta maji yanaweza kufikia 105 °C bila kuchemka kwa sababu mfuniko umehifadhi kanieneo. Ukiufungua, kanieneo hushuka ghafla, kiwango cha kuchemka hushuka nacho, na sehemu ya maji hulipuka kuwa mvuke na kukurukia usoni pamoja na maji ya moto. Jibu sahihi: simamisha gari mahali salama, zima injini, fungua boneti, subiri ipoe kabisa.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Koili ya klachi ya feni imeundwa kwa metali mbili badala ya moja. Toa sababu.
2. Gari linachemka likipanda mlima polepole, lakini halichemki likikimbia kwenye tambarare. Taja sehemu moja unayoishuku na ueleze kwa nini.
3. Fundi ameweka mafuta ya sentistoki 10,000 bila kugusa valvu. Je, feni itaanza kushika mapema zaidi? Eleza.
4. Rejeta imeziba kwa nje na hewa haipiti. Kwa nini klachi inaweza kuchelewa kushika ingawa maji yamechemka?

Majibu kwa ufupi

1. Metali mbili hutanuka kwa viwango tofauti, hivyo koili hujisokota na kuzungusha valvu. Metali moja ingetanuka tu bila kujisokota vya kutosha.
2. Klachi ya feni. Kwenye tambarare mwendo wa gari husukuma hewa ya kutosha. Mlimani rejeta hutegemea feni pekee.
3. Hapana. Valvu bado inafunguka kwenye jotoridi lilelile. Feni itashika kwa nguvu zaidi ikishafunguka.
4. Koili hupima hewa inayotoka kwenye rejeta, si maji. Hewa isipopita vizuri, koili haipati joto la kutosha, na valvu haifunguki.

Kama umekosa swali la 4, rudi kwenye KUMBUKA ya sehemu ya 2, uisome tena, kisha funga kitabu na umweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza kumweleza akaelewa, mada hii umeimaliza.