Sumu Inayomfikia Mtoto Tumboni



Zamani misafara kutoka Bagamoyo ilipofika Tabora ilitua mizigo. Mizigo ilipangwa upya, mingine ikaenda Ujiji, mingine ikaenda kaskazini hadi Buganda. Tumboni mwa mama mjamzito kuna kituo kama hicho. Ni kondo la nyuma. Chakula na hewa hutoka katika damu ya mama, hupita hapo, humfikia mtoto. Lakini kituo hiki hakiwezi kuzuia kila sumu.

Tuanze na tumbaku, maana ndilo zao letu. Watu wengi hudhani tumbaku humdhuru mvutaji tu. Sivyo. Jani bichi lililolowa umande au mvua hutoa sumu iitwayo nikotini, nayo hupenya ngozi ya mchumaji. Mchumaji huona kizunguzungu, kichwa humuuma, hutapika. Mama mmoja katika darasa letu la jioni alisema, "Mimi nilidhani ni mimba tu inanisumbua." Wala si yeye peke yake. Nikotini hubana mishipa ya damu, basi mtoto hupata hewa kidogo na chakula kidogo. Huweza kuzaliwa mdogo sana, au kabla ya wakati. Kwa hiyo mama mwenye mimba asichume tumbaku, wala asinyunyize dawa ya wadudu. Na wewe baba ukisema kazi ni nyingi, sisi tunakujibu kwamba mikono unayo.

Wanzuki na gongo ni hivyo hivyo. Pombe hupita kwenye kondo na kuharibu ubongo wa mtoto. Hakuna kiasi kilicho salama. Wengine husema wanzuki ni asali tu. Asali hiyo imekwisha kuwa pombe!

Malaria ni mwizi wa aina nyingine. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo, na mama huenda asisikie homa hata kidogo. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya SP hata mama asiyeumwa, kuanzia wiki ya 14, na tena kila baada ya mwezi. Vimeze pale pale, usivifunge kwenye pindo la khanga. Ila mama anayemeza Septrini kila siku amwambie mhudumu kwanza, maana yeye hapewi SP.

Kaswende nayo humfikia mtoto, na huweza kumwua tumboni. Kipimo chake ni damu kidogo tu, tiba ni sindano ya penisilini. Baba naye apimwe na atibiwe, la sivyo atamwambukiza mama tena. Basi siku ya kwanza ya kliniki nendeni wote wawili, kabla mimba haijatimiza miezi mitatu.