Lubumbashi: Kabla ya kununua ruteri ingine, uliza nani anasimamia antena

Katika muji wa Lubumbashi, kutoka Katuba mupaka Kampemba, majirani kugawana intaneti moja si jambo geni. Antena iko kwa mumoja. Ngambo ya barabara, mwenye sekretaria anaweka ruteri ndogo ya kushika Wi-Fi ile, kisha anaunganisha ordinatere zake kwa kordi. Ruteri inaonyesha kwamba imeshika, lakini ordinatere hazipati kitu. Anaambiwa ruteri imekufa, na dola zinatoka tena mufukoni.

Mara nyingi ruteri haijakufa. Inafuata sheria ya Wi-Fi.

Pakiti ya kawaida inayoenda kwenye antena inategemea anwani tatu: ya antena, ya ruteri iliyoituma, na ya mahali inapoenda. Hakuna nafasi ya ordinatere iliyo nyuma ya ruteri. Antena nayo inakubali tu vyombo vilivyojiandikisha kwake. Pakiti yenye anwani isiyojulikana inatupwa.

Ndiyo sababu Linux, mufumo unaoendesha ruteri nyingi, inakataa kuingiza Wi-Fi ya namna hiyo ndani ya daraja, ni kusema kuiunganisha na kordi kama mutandao mumoja. Katazo hilo liliingia katika toleo 2.6.33, lililotoka mwaka 2010. Mbele ya hapo, daraja lilikubaliwa kisha halikufanya kazi, na fundi alipoteza siku nzima akitafuta kosa.

Kuna njia mbili za kutoka hapo.

Ya kwanza inapita katika kiini cha Linux, chenye kuitwa kerneli. Pakiti inaongezewa anwani ya ine, na hapo ordinatere inapata nafasi yake. Kazi yote inafanyika ndani ya kiini, na daraja linakuwa la kweli. Lakini pande zote mbili zinapaswa kukubaliana: antena ya jirani nayo iwashwe hali hiyo, inayoitwa mara nyingi WDS. Ruteri za kampuni mbalimbali hazielewani kila mara juu ya jambo hilo.

Njia ya pili inatumia programu iliyo inje ya kiini. Kwenye OpenWrt, mufumo wa bure wa ruteri, programu hiyo inaitwa relayd. Ordinatere inapotafutwa, relayd inajibu kwa niaba yake, kisha inaandika njia ambayo kiini kitafuata kubeba pakiti. Antena inaona ruteri peke yake, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha kwa jirani. Lakini hilo si daraja kamili: relayd inahudumia IPv4 tu, na ikisimama, chombo kipya hakiwezi kuingia hata kama ruteri inawaka.

Wenye kutaka tu kufungua intaneti wanaweza kuacha hizo zote na kutumia NAT: ruteri inaficha ordinatere zote nyuma ya anwani yake moja. Hasara yake ni kwamba jirani hataweza kufikia kwa urahisi mashini ya kuchapisha iliyo ngambo.

Basi mbele ya kutoa franga, uliza: nani anasimamia antena? Kama ni wewe ao jirani anayekubali kuigusa, chagua anwani ine. Kama hakuna anayeweza kuigusa, relayd ao NAT itatosha. Ruteri uliyo nayo nyumbani pengine ingali nzima.