Fahamu: Kwa nini SQLite inalishwa takataka usiku na mchana

Kila simu ya Android na iPhone imebeba SQLite, hifadhidata huria iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Msimbo wake wa majaribio ni mrefu mara nyingi kuliko programu yenyewe. Hata hivyo, mwaka 2015 Michał Zalewski aliielekezea AFL, chombo chake cha upimaji wa fazi, na hitilafu 22 zikaibuka.

Fazi ni nini hasa? Chombo huchukua amri sahihi, tuseme SELECT 1, kisha huivuruga: hubadili herufi, hukata mkia, hurudia neno. Kila mara hutazama kama programu imepita njia ambayo haijawahi kuipita. Ikiwa imepita, amri hiyo mbovu hutunzwa iwe mbegu ya kuvurugwa tena. Mpimaji binadamu, hata awe makini vipi, hawazii upuuzi wa namna hii. Mdukuzi huuwazia.

Tangu 2016 mradi wa OSS-Fuzz wa Google umekuwa ukiipima SQLite. Baadaye wasanidi wenyewe wakaunda dbsqlfuzz, inayovuruga amri na faili la hifadhidata kwa pamoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ustadi, maana kuna makosa yanayojitokeza viwili hivyo vikikutana tu.

Visa vya maana havitupwi. Huingizwa kwenye fuzzcheck, ambayo huvirudia kila majaribio ya kawaida yanapoendeshwa, ili kosa lililozibwa lisirudi kimyakimya.