Simiti Haikauki, Hushika

Mkulima akisoma maagizo ya Kiingereza juu ya simiti atakutana na maneno manne yanayofanana: "dry", "set", "harden" na "cure". Usiyachukue kuwa neno moja, maana sakafu ya banda la kukamulia huharibika kwa kosa hilo.

"Dry" ni kukauka, yaani maji kutoka. Tofali bichi la udongo hukauka juani likawa gumu. Likilowa hulainika tena. Simiti sivyo. Yenyewe hushika kwa kuungana na maji, hata ikiwa imezama majini. Huko kushika ndiko "set": mchanganyiko huacha kuwa laini katika saa chache, na tangu hapo usiukoroge wala kuuongezea maji. "Harden" ni kuzidi kuwa gumu siku kwa siku. Kwa desturi mafundi hupima nguvu yake siku ya 28.

"Cure" ndilo linalopoteza watu wengi. Ni neno lile lile la kuponya mgonjwa, na hata la kutengeneza ngozi zisioze. Lakini kwa simiti ni kuitunza na unyevu. Funika sakafu kwa magunia au majani, uyamwagie maji asubuhi na jioni yasikauke, kwa siku 7 angalau. Ng'ombe wasipite. Anayeiacha juani "ikauke" ataona nyufa na vumbi, na maji ya baadaye hayairudishii nguvu yote.

Mfuko wenye mabonge magumu ghalani umekwisha kushika, usiyaponde ukajengea.