Wahusika ni Wengi, Pete ni Moja

Huenda jioni moja mwanao akakujia amekunja uso, mkononi ana riwaya nene ya Kiingereza iitwayo The Lord of the Rings, naye ametakiwa shuleni kuandika insha juu ya wahusika wake. Usimfukuze. Mtunzi wake, J.R.R. Tolkien, alikuwa askari kabla ya kuwa mtunzi mashuhuri. Mwaka 1916 alikuwa ofisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme, Ufaransa, na homa ya mahandaki ndiyo iliyomrudisha kwao Uingereza. Riwaya yenyewe ilitoka kwa majuzuu matatu, mwaka 1954 na 1955.

Kinachomlemea mwanafunzi ni majina. Wasafiri wakuu peke yao ni tisa, na wengine hawahesabiki. Tena mtu mmoja huwa na majina mawili au matatu: Aragorn, mrithi wa ufalme, kwanza twamkuta katika nyumba ya wageni akiitwa Strider; Gollum zamani alikuwa Sméagol. Sauron na Saruman, maadui wawili mbalimbali, huwachanganya hata watu wazima. Basi mtoto hujaza daftari orodha, na mbele ya kila jina huandika “mwema” au “mwovu”. Kazi hiyo yamfaa karani wa rejista.

Afadhali aulize swali moja kwa kila mhusika: alifanya nini alipokabiliwa na ile pete? Maana pete hiyo humpa mtu nguvu, kisha humla moyo. Gandalf mwenye hekima alipopewa aliikataa, kwa kuwa alijua kwamba hamu yake ya kutenda mema ndiyo ingemponza. Boromir, askari hodari, aliitaka ili auokoe mji wake, akajaribu kumnyang’anya Frodo kwa nguvu. Je, ni mwovu? Siku iyo hiyo alikufa kwa mishale akiwatetea vijana wawili, Merry na Pippin, na kabla ya kukata roho aliungama kosa lake. Ndugu yake Faramir, mwana wa baba yule yule na mpiganaji wa vita vile vile, alipata nafasi kama hiyo akaiacha ipite. Ndugu hawa wawili peke yao watosha kurasa mbili za insha.

Watoto wengi humficha Frodo mwishoni, kwa kudhani kwamba shujaa hapaswi kushindwa. Lakini alishindwa: mlimani, ukingoni mwa moto, alidai pete ni yake. Gollum, ambaye mara kadhaa alikuwa amehurumiwa asiuawe, akamng’ata kidole na kuanguka nayo motoni.

Yuko pia Sam, mtunza bustani, mbeba sufuria, aliyembeba Frodo mgongoni kupanda mlima huo. Aliishika pete kwa muda mfupi, akairudisha. Tolkien alieleza kwamba Sam ni mfano wa askari wa kawaida na wale waliowahudumia maofisa, aliowajua vitani, ambao aliwaona bora kuliko yeye mwenyewe. Hapo mzazi aliyevaa sare ana mengi ya kumsimulia mwanawe.

Na kitabu hakiishii kwa mfalme. Chaishia kwa Sam, amerejea nyumbani jioni, chakula ki tayari, na binti yake mdogo amewekwa mapajani pake.