Mtoto, simu yako na viumbe vya uwanja wa shule

Mvua zikianza Chamwino, uwanja wa shule hubadilika ndani ya siku chache. Kumbikumbi wanaruka, vyura wanalia kwenye dimbwi lililokuwa vumbi tupu, jongoo wanapanda ukuta wa darasa. Mtoto akirudi nyumbani anauliza, "Mama, yule ni nani?" Wengi wetu tunajibu, "Mdudu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Simu yako inaweza kusaidia. iNaturalist ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Unapiga picha ya kiumbe, programu inapendekeza jina, kisha watumiaji wengine, wakiwemo wataalamu, wanakubali au wanasahihisha. Picha yenye tarehe na mahali, ikikubaliwa na angalau watu wawili, inaweza kutumiwa na watafiti popote duniani. Huhitaji bando papo hapo. Unaweza kuhifadhi picha na kuituma baadaye.

Picha nyingi za wanyama wa Tanzania hupigwa na watalii, nao wanakwenda hifadhini. Hawafiki nyuma ya madarasa ya shule ya kata. Huku kwetu wapo kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi na kola ya manjano, ambao asili yao ni Tanzania, kaskazini na katikati ya nchi. Mtoto wa Chamwino anaweza kuwaona kwenye mbuyu akienda shule.

Wapo pia kunguru. Yule wa kwetu ana kifua cheupe. Mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akageuka kero: anakula vifaranga na mayai, na anaendelea kusogea bara. Akitua kwenye jalala la shule yenu, picha moja yenye tarehe ina maana kwa wanaofuatilia kuenea kwake. Tausi wa Ikulu ya Chamwino wao hawahesabiki hivyo. Mnyama anayefugwa sharti uweke alama kwamba anafugwa.

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na sioni sababu ya kulilalamikia hilo. Itumike ya mwalimu kwenye klabu ya mazingira, au ya mzazi Jumamosi. Aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kufungua akaunti ya iNaturalist bila idhini ya mzazi. Kwa wadogo ipo Seek, ya watu hao hao, isiyohitaji kujisajili kabisa.

Jambo moja wazazi wengi hawalijui: picha inaonyesha mahali ilipopigwa. Ukipiga kinyonga uani kwako, dunia inaona uani kwako. Kabla ya kutuma, chagua mahali pafichwe. Ramani itaonyesha eneo la kilomita kama 20 kila upande. Na mtoto asionekane kwenye picha.

Vitabu navyo vina kazi. Kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe kina zaidi ya aina 1,300. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini picha na ramani mtoto atazielewa. Jina la Kigogo amuulize bibi, aliandike kwenye sehemu ya maelezo.

Sasa usalama, maana mimi ni wa dawati la afya. Mtoto asigeuze mawe wala magogo kwa mkono, ndiko anakokaa nge. Avae viatu vya kufunika. Asivunje minyaa ya ua. Utomvu wake ukiingia machoni huunguza, na dawa ya kwanza ni maji mengi safi.

Nyoka hapigwi picha na mtoto. Arudi nyuma, aite mtu mzima. Kifutu hulala kimya akifanana na majani makavu. Swila hutema sumu machoni. Koboko, licha ya sifa zake, si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu au kahawia, weusi uko ndani ya mdomo. Programu inaweza kukosea, hivyo jina inalotoa lisitumike kuamua kama nyoka ana sumu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Mtoto akiumwa, mtulize, mvue bangili na viatu, mguu au mkono usitikisike, umbebe. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usipoteze muda na jiwe jeusi. Kama mtu mzima aliwahi kumpiga nyoka picha akiwa mbali, mwonyeshe daktari. Kama hakuna picha, msirudi kumtafuta nyoka. Nendeni hospitali, iwe ya Uhuru, Mvumi au yoyote iliyo karibu, na pigeni simu mkiwa njiani kuuliza kama wana dawa ya sumu ya nyoka.